Hiari na Shuruti: Historia ya Maneno ya Kiingereza Yaelezayo Kutenda Bila Kupenda

Utangulizi

Mtu akitenda jambo asilolipenda, lugha huwa na mambo mawili ya kueleza. Kwanza, moyo wake ulikuwaje alipokuwa akilitenda? Pili, ni mkono wa nani uliomsukuma? Maswali haya yanafanana, lakini si mamoja. Mtoto aweza kuosha vyombo huku amenuna, ingawa hakuna aliyemshikia fimbo; na mfungwa aweza kuvunja mawe huku akiimba, ingawa nyuma yake amesimama askari mwenye bunduki. Wa kwanza hakupenda, lakini hakulazimishwa. Wa pili amelazimishwa, na wimbo wake hautuambii lolote kuhusu hiari yake.

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi Kiingereza kilivyoyajibu maswali haya mawili katika historia yake. Sababu za kuichagua lugha hiyo ni mbili. Ya kwanza ni kwamba sheria na nyaraka za serikali ya kikoloni zilizowahusu babu zetu ziliandikwa kwa Kiingereza, na mtafiti wa historia ya Kenya hana njia ya kuziepuka. Ya pili ni kwamba aghalabu wanafunzi wa tafsiri huyatia maneno yote ya jamii hii katika kapu moja, wakaandika "kwa shingo upande" na kuendelea na safari. Tutajaribu kuonyesha kwamba mengi ya maneno hayo yalizaliwa katika mashurutisho ya kweli, na kwamba baadhi yake, kadiri miaka ilivyopita, yaliuonyesha moyo wa mtendaji na kuuficha mkono wa mshurutishaji.

Maneno ya asili: kutaka na kuchukia

Kiingereza cha Kale, yaani lugha iliyosemwa Uingereza kabla ya Wanormani kuivamia nchi hiyo mwaka 1066, kilikuwa na kitenzi "willan", maana yake kutaka. Kinyume chake kilikuwa neno moja tu, "nyllan", kutotaka, lililoundwa kwa kukitanguliza kikanushi "ne" na kukiunganisha na kitenzi chenyewe. Msomaji wa Kiswahili hataustaajabia muundo huo, maana nasi twasema "nataka" na "sitaki" bila ya kuhitaji neno la pili la kukanusha.

Baadaye "will" ikageuka kuwa alama ya wakati ujao, kama vile "-taka" yetu ilivyozaa "-ta-" ya wakati ujao, hata leo twaisikia ikiwa nzima katika umbo kama "atakayekuja". Kwa hiyo lugha zote mbili zilianza na utashi wa mtu zikaishia kwenye jambo litakalokuwa. Ama "nyllan", hiyo ilikufa. Iliyobaki ni mifupa yake tu katika usemi "willy-nilly", ulioanza kuandikwa kwa umbo hilo mwanzoni mwa karne ya 17. Asili ya usemi huo ni fungu la maneno lenye maana ya "atake asitake", na Kiswahili kina tafsiri yake kamili: "apende asipende". Lakini Waingereza wengi wa leo huutumia kwa maana nyingine, yaani ovyo ovyo, bila mpango. Usemi uliozaliwa kutaja mtu ambaye utashi wake haukuhesabiwa umegeuka kuwa usemi wa jambo lisilo na mpango wa mtu yeyote. Yule aliyepuuza utashi wa mwenziwe ametoweka.

Neno la pili la asili ni "loath". Katika Kiingereza cha Kale lilikuwa sifa ya kitu chenye kuchukiza au cha kiadui. Kazi ngumu, ugonjwa, adui, vyote viliweza kusifiwa hivyo. Katika karne za kati neno hilo liliondoka kwenye kitu likahamia kwa mtu, likawa na maana ya "asiyependa kutenda". Msomaji na aupime uzito wa safari hiyo. Mwanzoni neno lilisema kwamba jambo lenyewe ni baya. Mwishoni likasema kwamba mtu hana moyo wa kulitenda. Lawama, kama ipo, imehama.

Kifaransa na Kilatini: nguvu, ugumu na manung'uniko

Baada ya mwaka 1066 Kifaransa kilikuwa lugha ya watawala, na kwa karne kadhaa kikawa pia lugha ya mahakama. Si ajabu, basi, kwamba maneno ya Kiingereza yanayotaja nguvu za mtu mwingine yametoka upande huo kwa wingi. "Perforce" ni Kifaransa cha Kale, "par force", yaani kwa nguvu. "Duress" ni neno hilo hilo la ugumu lililotoka katika Kilatini, likapitia Kifaransa, na kwanza lilimaanisha ukali au kifungo. Mtu aliyekuwa katika "duress" alikuwa, kwa hakika, nyuma ya mlango uliofungwa. Baadaye wanasheria walilitumia kwa shinikizo linaloweza kuuvunja mkataba.

Hata hivyo, sheria ya Kiingereza iliufanya mlango huo kuwa mwembamba. William Blackstone, katika kitabu chake cha ufafanuzi wa sheria kilichotolewa kati ya miaka 1765 na 1769, alieleza kwamba shuruti inayotambulika ni kifungo kisicho halali, au tishio la kuuawa au la kukatwa kiungo. Tishio la kupigwa tu halikutosha. Tishio la kuchomewa nyumba au kuharibiwa mali nalo halikutosha, kwa hoja kwamba mwenye kudhurika angeweza kwenda mahakamani na kulipwa fidia. Hoja hiyo ina mantiki mahali ambapo mlango wa mahakama u wazi kwa kila mtu. Lakini kwa maskini asiye na wakili, au kwa mtu ambaye mtishaji wake ndiye hakimu wake, fidia hiyo ni maneno matupu. Hapa twaona kwamba neno laweza kuwapo katika lugha, na bado likawakataa wengi wanaolistahili. Sheria za karne zilizofuata zililipanua, lakini tuukumbuke wembamba huo tutakapofika pwani ya Afrika Mashariki.

Maneno mengine ya asili ya kigeni yalielekea upande wa moyo. "Grudgingly" latokana na kitenzi cha Kifaransa cha Kale chenye maana ya kunung'unika. Hilo ndilo lililochaguliwa na watafsiri wa Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 9, mstari wa 7, kuhusu namna ya kutoa sadaka. Mstari huo wafaa sana kwa uchunguzi wetu kwa sababu unazitaja kasoro mbili zilizo mbalimbali: ile ya moyo na ile ya lazima. Watafsiri wa Kiswahili kwa kasoro ya kwanza walitumia neno "huzuni", nao katika hilo walikuwa karibu zaidi na Kigiriki kuliko wenzao wa Uingereza. La muhimu kwetu ni kwamba lugha zote tatu zilikubali kuyatenganisha mambo hayo mawili.

"Reluctant" nalo lina kisa chake. Asili yake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kupigana mieleka dhidi ya kitu. Liliingia katika Kiingereza katika karne ya 17, na John Milton alilitumia katika "Paradise Lost", utenzi uliochapishwa mwaka 1667, likiwa bado na maana ya kupambana. Leo mieleka imekwisha. Anayeitwa "reluctant" hapigani na mtu; anasitasita tu, pengine hata hakuna aonaye. Kwa hiyo neno lililokuwa la mwili na la upinzani limekuwa la hisia na la adabu. Mwandishi wa leo aweza kuandika kwamba kijiji fulani kilihama "reluctantly", na msomaji akapata picha ya watu wenye huzuni, bila kuuliza ni nani aliyewahamisha.

Fedha mkononi: mabaharia wa manowari

Hakuna mahali ambapo historia ya maneno haya yaonekana wazi kama katika jeshi la majini la Uingereza, lenye meli tuziitazo manowari kwa neno tulilolikopa kutoka Kiingereza chenyewe. Katika vita vya karne ya 18, na hasa katika vile dhidi ya Ufaransa kati ya 1793 na 1815, jeshi hilo lilikuwa na upungufu mkubwa wa mabaharia. Likatuma vikundi vya askari na maofisa bandarini na baharini kuwakamata watu wenye ujuzi wa ubaharia. Vikundi hivyo viliitwa "press-gang".

Msikilizaji hudhani kwamba "press" hapa ni kubana au kukandamiza. La hasha. Asili yake ni "prest", neno la Kifaransa cha Kale lenye maana ya mkopo au fedha ya kutanguliza. Aliyeandikishwa alipewa sarafu mkononi, na kuipokea kulihesabiwa kuwa amefunga mapatano ya kumtumikia mfalme. Ndugu wa neno hilo yuko bado katika ofisi zetu za serikali: ni ile "imprest" ambayo kwa Kiswahili twaiita masurufu, fedha apewayo mtumishi kabla ya safari. Baadaye maneno mawili yaliyofanana kwa sauti yakachanganyika, "prest" ya fedha ikamezwa na "press" ya kubana, kwa kuwa hiyo ya pili ndiyo iliyoafikiana na mambo yalivyokuwa.

Basi ukamataji huo ulivaa vazi la mkataba. Vazi hilo lilikuwa na pindo la pili. Aliyekamatwa alipewa nafasi ya kujiandikisha upya kwa jina la mwenye hiari, ili apate bahashishi ambayo mwenye kushurutishwa hakuwa na haki nayo. Wengi walikubali, maana kama safari haikwepeki, heri kuifanya na fedha mfukoni. Kwa hiyo mwanahistoria akifungua madaftari ya manowari na kuhesabu walioandikwa kuwa wa hiari, atakuwa amewahesabu pia watu waliotekwa. Daftari halisemi uongo. Ila neno limewekwa mahali pa jambo jingine. Waingereza wenyewe walijua tofauti, wakawa na methali kwamba mwenye hiari mmoja ni bora kuliko walioshurutishwa wawili. Ni jirani wa methali yetu, "Hiari yashinda utumwa".

Maneno mengine ya aina hii yalitoka katika biashara. Thomas Hobson, mchukuzi wa mjini Cambridge aliyekufa mwaka 1631, alikuwa akikodisha farasi. Husimuliwa kwamba hakumruhusu mteja kuchagua; kila mtu alipewa farasi aliyekuwa karibu zaidi na mlango wa zizi, au aende zake kwa miguu. Kisa hicho kilielezwa katika gazeti la "The Spectator" mwaka 1712, na hata leo Waingereza huita uchaguzi usio uchaguzi kwa jina la mtu huyo. Katika Marekani ya miaka ya 1870, jina la mji wa Shanghai likageuzwa kitenzi: kumlevya baharia au kumhadaa, akazinduka akiwa tayari yu katikati ya bahari katika meli asiyoijua. Visa hivi viwili ni vya thamani kwa sababu neno limekataa kuuficha mkono. Kila atajapo Hobson amtaja mwenye zizi.

Kiingereza cha serikali katika Kenya

Lugha yenye hazina kama hiyo ndiyo iliyokuja kuitawala nchi yetu, iliyoitwa Himaya ya Afrika Mashariki tangu 1895 na Koloni la Kenya tangu 1920. Waliokuja kuandika nyaraka hawakukosa maneno ya shuruti. Swali ni maneno gani waliyachagua.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipofika Afrika Mashariki mwaka 1914, majeshi ya Waingereza yalihitaji wapagazi kwa maelfu. Mwaka 1915 ilitungwa sheria iliyoruhusu watu wachukuliwe kwa lazima, na mwaka 1917 ukafanyika mkusanyo mkubwa kuliko yote chini ya usimamizi wa John Ainsworth. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa maradhi. Katika jina la sheria hiyo ya 1915 wapagazi waliitwa "followers", yaani wafuasi. Ni kweli kwamba neno hilo lilikuwa la kawaida katika jeshi kwa watumishi wasiobeba silaha. Hata hivyo mfuasi, katika maana ya kila siku, ni mtu aliyeamua kumfuata mwingine. Wananchi hawakulikubali jina hilo. Walichukua jina la kikosi chenyewe, "Carrier Corps", wakaliswahilisha kuwa Kariakor hapa Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam, na katika vinywa vyao jina hilo likawa kumbukumbu ya watu waliochukuliwa wasirudi.

Vita vilipokwisha, walowezi walidai vibarua. Tarehe 23 Oktoba 1919, chini ya Gavana Edward Northey, ulitolewa waraka wa kazi uliotiwa sahihi na Ainsworth, wakati huo Kamishna Mkuu wa Mambo ya Wenyeji. Maofisa waliagizwa watumie kila ushawishi ulio halali ili wanaume wenye nguvu watoke kwenda kufanya kazi mashambani. Machifu na wazee wasaidie. Wanawake na watoto waishio karibu na mashamba nao watiwe moyo kwenda. Majina ya machifu waliosaidia na ya wale wasiosaidia yaandikwe na kupelekwa juu. Katika maagizo hayo kazi hiyo haikuitwa ya lazima. Vitenzi vyake ni vya kushawishi na kutia moyo. Lakini chifu ambaye jina lake laandikwa akishindwa, na ambaye cheo chake chatoka kwa aliyeandika, atatia moyo kwa njia gani?

Swali hilo halikuachwa bila kuulizwa wakati ule. Maaskofu wa Kianglikana wa Mombasa na Uganda, pamoja na mkuu wa misheni ya Kanisa la Scotland, waliandika hati mwaka huo huo wakieleza kwamba kwa mwenyeji kidokezo cha serikali na amri ya serikali ni kitu kimoja. Hoja hiyo ya kiisimu ilikuwa sahihi kabisa: maana ya tendo la kusema hutegemea nani asemaye na nani asikiaye. Ajabu ni hitimisho lao. Hawakutaka shuruti ikomeshwe. Walipendekeza afadhali iwe ya wazi, iwekewe mipaka na sheria. Askofu wa Zanzibar, Frank Weston, aliyekataa kazi ya shuruti kwa jumla, alitoa kijitabu mwaka 1920 kilichowaita Waafrika hao watwana wa Uingereza. Mwaka 1921 Winston Churchill, akiwa Waziri wa Makoloni, aliagiza kwamba maofisa wasiwatafutie waajiri wa binafsi vibarua. Nao Harry Thuku na wenzake waliitaja kazi ya shuruti, hasa ya wanawake na wasichana, miongoni mwa malalamiko yao kabla Thuku hajakamatwa mwezi Machi 1922.

Tukiyapima maneno ya pande hizo, twaona kwamba ugomvi wa 1919 hadi 1922 ulikuwa kwa sehemu kubwa ugomvi wa jina. Upande mmoja ulishikilia neno la moyo: watu wanatiwa moyo. Upande mwingine ulidai neno la mkono: watu wanashurutishwa. Lau neno la pili lingekubaliwa, sheria na dhamiri za watu wa Uingereza, waliokuwa wakijisifu kwa kuukomesha utumwa, zingedai majibu. Kwa hiyo neno lenyewe lilikuwa ngome.

Usuluhishi wa kimataifa ulipatikana katika Mkataba wa Kazi ya Shuruti wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1930, ambao Uingereza iliuridhia mwaka 1931. Ufafanuzi wake wafaa kusomwa na kila mwanafunzi wa maana, kwa sababu unayadai majibu ya maswali yetu yote mawili. Ili kazi ihesabiwe ya shuruti, pawe na tishio la adhabu, na mtendaji awe hakujitolea kwa hiari yake. Mkono na moyo vimewekwa katika sentensi moja. Hata hivyo mkataba huo uliacha nje baadhi ya kazi, zikiwamo huduma ndogo ndogo za kijumuiya, na jina hilo la kijumuiya si geni kwetu. Utawala wa kikoloni ulilitumia kwa kazi zisizolipwa zilizosimamiwa na machifu. Mwaka 1947 wanawake wa Murang'a walipogoma kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo, walikuwa wakiijua vyema kazi ya jumuiya iliyo ya kweli, maana Wakikuyu walikuwa na "ngwatio", ambamo leo wanalima kwako na kesho kwangu. Walichokikataa ni kulitumia jina la ujima kwa kazi ya amri.

Hitimisho: wajibu wa mfasiri

Kiswahili hakina sababu ya kujiona kisafi katika jambo hili. Neno letu "sharti" latokana na Kiarabu, na asili yake ni kipengele cha mapatano: nitafanya hili kwa sharti kwamba nawe ufanye lile. Kutoka hapo limekuwa "lazima", na kitenzi "shurutisha" hakina tena harufu yoyote ya mapatano. Njia hiyo ni ile ile iliyopitwa na "prest" ya mabaharia, kutoka mkataba hadi kukamatwa. Tofauti ni kwamba msemaji wa Kiswahili aambiwapo "umeshurutishwa" hadhani hata kidogo kwamba amepatana na mtu.

Kwa hiyo mfasiri akutanapo na neno la Kiingereza la jamii hii na aulize maswali mawili kabla ya kuandika. Kama habari ni ya moyo peke yake, "kwa shingo upande" na "kwa manung'uniko" ni maneno mazuri, na hayana haja ya kusahihishwa. Kama kuna mkono, basi "kwa kulazimishwa" au "kwa kushurutishwa" ndiyo yafaayo, na muundo wa kutendwa udai mtendaji wake: ameshurutishwa na nani? Na kama waraka wa Kiingereza wasema watu walitiwa moyo, mfasiri aandike kwamba walitiwa moyo, maana si kazi yake kuubadilisha waraka. Lakini mwanahistoria ausomapo atazame pia ni jina la nani lililoandikwa katika orodha, na nini kilimpata aliyekataa. Huko ndiko atakakoukuta mkono ambao kitenzi hakikuutaja.